Sindano Iliyochelewa

Mashimo ya chunusi hayaonekani wakati wote. Nyeri hufunikwa na mawingu kwa wiki nyingi, hasa kati ya Juni na Agosti, na chini ya mawingu hayo uso wa mtu huonekana laini kuliko ulivyo: mwanga hushuka sawasawa kutoka pande zote, vivuli vikakosa pa kukaa. Ila vuka uende Nanyuki, upande mkavu wa Mlima Kenya, usimame kando ya barabara jua likiwa ndio kwanza limechomoza. Mwanga unakuja mshazari, unaligonga shavu kwa ubavu, na kila kibonde kinapata giza lake. Daktari wa ngozi anayeijua kazi yake huifanya hila hiyo makusudi. Huzima taa ya darini, hushika taa ndogo karibu na sikio la mgonjwa, ndipo huanza kutazama.

Mimi nilijifunza fizikia hii bila mwalimu. Nina vibonde kwenye mashavu yote mawili na, kwenye taya la kushoto, keloidi iliyofikia ukubwa wa haragwe kabla sijaipeleka popote. Kwa miaka mingi nilichagua kiti cha matatu kwa kulifuata taya hilo: dirisha la kushoto, ili kovu liangalie mashamba, si abiria. Nilijua ni kioo kipi cha duka kwenye Kimathi Way kinachosema kweli na ni kipi chenye huruma. Uso umeumbwa na haya, husema Waswahili, na sisi wa mlimani ambao Kiswahili chetu kina lafudhi ya baridi tunaijua haya hiyo hata kabla ya kuisikia methali.

Siku hizi mazungumzo yamegeukia sindano. Ukizunguka miji ya mlimani, kutoka Nyeri hadi Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na kurudi kwa upande wa Nanyuki, hukosi bango linaloahidi ngozi mpya, na chini ya picha ya msichana ambaye hajawahi kuota hata kipele kimoja pameandikwa orodha ya huduma: sindano za makovu, sindano za damu yako mwenyewe, sindano za kujaza. Rafiki zangu wananiuliza kama zinafanya kazi. Jibu fupi ni kwamba zinafanya. Lakini jibu hilo linaanzia mbali na bango, nalo linaniudhi kwa sababu ambazo hazimhusu mwenye bango.

Chunusi huanza kwa kitu kidogo kisichostahili matokeo yake. Kinyweleo kinaziba kwa mafuta na seli zilizokufa, bakteria waliokuwa wakiishi humo kwa amani wanaongezeka, ukuta wa kinyweleo unapasuka chini ya ngozi, na mwili unatuma askari wake. Vita hiyo ndiyo inayoacha alama. Ikiisha, ngozi hujijenga upya kwa kolajeni, uzi unaoishikilia, na hapo hukosea kwa njia mbili. Mara nyingi hujenga pungufu ya kilichobomoka, na uso unabonyea. Kuna vishimo vyembamba vinavyozama sana. Kuna vingine vipana vyenye kingo zilizosimama wima. Na kuna mabonde yasiyo na kingo, ambayo hutokea kwa sababu nyuzi ngumu zimeishika ngozi kutoka chini zikaivuta. Mara nyingine hujenga kupita kiasi. Hiyo ndiyo keloidi, kovu lisilojua kusimama, ambalo huvuka mpaka wa jeraha lililolizaa. Sisi watu weusi tunaipata zaidi ya wengine, na inapenda taya, ndewe za masikio, kifua, mabega na kisogo.

Doa jeusi linalobaki chunusi ikikauka si kovu. Huondoka lenyewe kwa miezi, hasa likikingwa na jua. Nalitaja na kulipita, ila niseme tu kwamba wengi ninaowajua wanaolalamikia makovu wana madoa, na haraka yao ya kuyafuta ndiyo huwaletea balaa.

Asubuhi za Julai katika Nyeri, ngozi isiyopakwa mafuta hupauka, na mtoto havuki mlango kabla hajang'aa. Mama zetu walitupaka mafuta mazito, mara nyingine yale yale ya kulainisha chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, na hakuna aliyedhani kwamba kilichoifaa ngozi ya utotoni kingeweza kuziba vinyweleo vya mtu wa miaka 14. Mwaka 1970 Albert Kligman na wenzake, huko Marekani, waliandika juu ya chunusi za paji la uso zinazoletwa na pomedi za nywele. Ningempa Kligman shukrani zaidi kama ningekuwa sijui mengine. Kati ya 1951 na 1974 alifanya majaribio juu ya ngozi za wafungwa wa jela ya Holmesburg, Philadelphia, wengi wao weusi, na tretinoini, dawa itokanayo na vitamini A ambayo hadi leo huandikiwa wenye chunusi, ni tunda la kazi zake. Nilipoyajua hayo dawa ilikuwa tayari kwenye rafu yangu ya bafuni. Sikuitupa. Lakini naipaka nikijua kwamba kabla ya uso wangu palikuwa na migongo ya watu ambao hawakuwa na pa kwenda.

Bwenini hapakuwa na tretinoini. Palikuwa na ndimu, dawa ya meno, sabuni ya kufulia, na ushauri. Acha njugu. Acha parachichi. Acha kuwaza wavulana. Ukiolewa itaisha, na aliyeolewa akaambiwa ukizaa itaisha. Katika bweni letu palikuwa na msichana aliyeitwa Murram, na barabara mbovu za tarafa nzima zilihamishiwa kwenye mashavu yake. Walimu walilijua jina hilo. Mmoja alilitumia darasani, siku ambayo kila mtu alicheka, naye Murram akacheka kwa sauti kuliko wote.

Miaka hiyo ya kicheko ndiyo inayochimba mashimo. Kadiri chunusi zenye usaha na uvimbe zinavyokaa bila tiba ya maana, ndivyo makovu yanavyokuwa mengi na makubwa. Wataalamu wa ngozi hawabishani juu ya hilo. Na tiba ya maana haikuwa siri. Benzoili peroksaidi ni ya zamani na si ghali. Doksisaiklini iko kwenye rafu ya kila kemisti kutoka Othaya hadi Isiolo. Kwa chunusi kali sana kuna isotretinoini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, dawa nzito inayohitaji kupimwa damu na isiyoruhusiwa kabisa kwa mwenye mimba, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni. Msichana mwenye homa alipelekwa zahanati. Msichana ambaye uso wake ulikuwa ukipasuka kutoka ndani aliambiwa ni balehe. Balehe ilikwisha, kama walivyosema. Kilichobaki kilikuwa cha kudumu.

Kwa wanaume wa miji hii daktari wa kwanza wa ngozi ni kinyozi. Sisemi kwa dhihaka. Ukiingia vinyozi vya Karatina jioni ya Ijumaa utamkuta mwanamume mzima, mfanyabiashara wa viazi mwenye lori lake, amelaza kichwa nyuma na kufumba macho huku msichana akimsugua uso, akimkanda, akimfunika kwa taulo la moto, na pengine hakuna mtu mwingine duniani anayemgusa uso. Msichana huyo anaiona chunusi kabla ya mke wake. Mara nyingi huitumbua, na hapo ndipo mambo huharibika. Mashine iliyopitishwa karibu mno na ngozi nayo huzikata nywele za mviringo zikachongoka, zikajikunja zikarudi ndani, na vipele vya kisogoni vikaanza kuungana hadi vikawa tuta gumu lisilootesha nywele. Kaka yangu ana tuta hilo. Alipakwa spiriti na poda kwa miaka, na kinyozi wake, mtu mwema, alikuwa akimnyoa tuta hilo kwa bidii ya pekee.

Kwa wanawake daktari wa kwanza ni kemisti. Hapo hupatikana tyubu ndogo ya steroidi, iliyokusudiwa ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi yenye kuwasha, na inauzwa kwa yeyote aliye na shilingi. Wiki za kwanza ni za furaha: vipele vinalala, uso unang'aa, majirani wanauliza siri. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinajitokeza, chunusi za aina mpya zinaota, na mtu akiiacha dawa uso unawaka moto mpaka airudie. Hapo ndipo hutafutwa krimu ya kung'arisha, ambayo katika masoko yetu yaweza kuwa na haidrokwinoni au hata zebaki, ingawa Shirika la Viwango la Kenya limezipiga marufuku. Kliniki ya sindano inakuja mwisho wa njia hii. Mgonjwa anafika akiwa ameshatumia pesa nyingi kuliko ambazo daktari angemwomba mwanzoni.

Na daktari mwenyewe yuko wapi? Wengi wa mabingwa wa ngozi wa Kenya wako Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 150 kutoka Nyeri, kupitia Sagana na Thika. Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki pengo hilo limezibwa na maofisa tabibu waliosomea ngozi kwenye kituo cha mafunzo kilichofunguliwa Moshi mwaka 1992, katika hospitali ya KCMC, chini ya mlima mwingine. Nawaheshimu sana watu hawa. Ndio wanaokutana na upele, ukoma, ualbino na saratani za ngozi, na ikiwa siku moja watachoka kuombwa kulainisha mashavu ya mwandishi wa magazeti, sitawalaumu.

Sasa sindano zenyewe. Ile ninayoijua kwa mwili wangu ni ya keloidi. Ndani yake kuna triamsinoloni, ambayo nayo ni steroidi, iliyoanza kutumika kwa keloidi katika miaka ya 1960. Kitu kile kile kinachoharibu nyuso kikipakwa ovyo kutoka kwenye tyubu, kikiwekwa kwa kipimo ndani ya kovu hulishusha, kwa kuwa kazi yake ni kuipunguza ngozi inayozidi. Mbinu ni nyepesi kueleza na ngumu kufanya. Keloidi ngumu haikubali kitu. Daktari hulisukuma bomba hadi kidole gumba chake kinapauka, dawa inakataa kuingia, kisha inaingia ghafla na kovu zima linageuka rangi. Maumivu yake ni ya shinikizo zaidi kuliko ya mchomo, na hayaishi sindano inapotoka. Baada ya mwezi au wiki sita unarudi. Safari hii kovu limelegea kidogo, linapokea. Unarudi tena.

Langu limelala. Halijaondoka. Ukipitisha kidole unalisikia, na pembeni yake ngozi imekuwa nyeupe kidogo mahali dawa ilipovuja nje ya mpaka, jambo ambalo hutokea, huonekana zaidi kwetu weusi, na rangi huchukua miezi mingi kurudi, ikirudi. Nilibadilisha uvimbe kwa doa. Nililijua hilo kabla ya kudungwa kwa sababu niliuliza, na namsifu aliyenijibu bila kuzunguka. Triamsinoloni hiyo hiyo, ikizimuliwa sana, hudungwa ndani ya jipu kubwa la chunusi ambalo bado ni bichi, na jipu hulala kwa siku 2 au 3 kabla halijachimba shimo. Laiti Murram angeipata hiyo.

Vibonde vinadai akili tofauti. Huko shida ni upungufu, na steroidi ingevizidisha. Mwaka 1995 David na Norman Orentreich, madaktari wa ngozi wa New York, walieleza mbinu ambayo inanivutia kuliko zote kwa sababu ndani ya sindano hamna dawa yoyote. Sindano yenye makali inaingizwa kando ya kibonde, inalazwa chini ya ngozi, kisha inapelekwa huku na huku ikikata zile nyuzi zinazoivuta ngozi chini. Unasikia mkwaruzo. Ngozi inaachiliwa, inainuka; damu inajaa kwenye nafasi iliyopatikana, na damu hiyo inaamsha ujenzi mpya wa kolajeni ambao utaendelea kwa miezi. Uso unavimba na kuvilia kwa siku kadhaa. Mtu asipange harusi wiki hiyo. Kinachofanyika ni kujeruhi upya kwa nidhamu mahali palipojeruhiwa bila nidhamu, na kuutaka mwili urudie kazi uliyoifanya vibaya ukiwa na miaka 15. Kuna rola za vijisindano vingi vifupi vinavyoviringishwa usoni kwa mantiki hiyo hiyo.

Ngozi nyeusi ina sababu yake ya kukipendelea chuma kuliko mwanga. Leza, ambayo matangazo ya ng'ambo huisifu, hufanya kazi kwa mwanga, na melanini hunywa mwanga. Leza isiyopangwa vyema humchoma mtu mweusi, ikamwachia madoa mabaya kuliko makovu aliyokwenda kuyatibu. Hata kipimo kinachotumiwa kupanga mashine hizo kina historia yake: Thomas Fitzpatrick alipoainisha aina za ngozi mwaka 1975 aliwafikiria weupe, namna wanavyoungua na kubadilika rangi juani, na ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye mwishoni mwa orodha. Sindano haijali rangi ya inakopita. Inavuka tabaka lenye rangi kwa tundu dogo na kufanya kazi yake chini, ambako sote ni wekundu.

Kuna pia vijazio. Asidi ya hailuroniki, ambayo mwili wenyewe huitengeneza, hudungwa chini ya kibonde, huvuta maji na kukiinua; baada ya miezi kadhaa, au mwaka na zaidi, huyeyuka na mtu akarudi alipokuwa, akiwa na pesa pungufu. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha kwa makovu ya chunusi kijazio kisichoyeyuka, chembe ndogo za plastiki zilizochanganywa na kolajeni ya ng'ombe. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Mafuta ya chuchu za ng'ombe yaliziba vinyweleo vyetu, na sasa ng'ombe anaombwa atujaze mashimo. Hatari halisi ya vijazio haiko kwenye ng'ombe, iko kwenye mishipa: kikidungwa ndani ya mshipa wa damu wa uso, hasa karibu na pua na kati ya nyusi, kinaweza kuua ngozi au kumpofusha mtu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye kliniki si bei. Muulize ana dawa gani ya kukiyeyusha kikienda kusikotakiwa, na amesomea wapi.

Tamaa ya kujaza nyuso ni ya zamani kuliko mabango. Mwaka 1899 daktari wa Vienna, Robert Gersuny, alianza kudunga mafuta ya parafini mwilini mwa watu ili kujaza palipopungua, na ikawa fasheni Ulaya hadi ilipobainika kwamba parafini huhama na kuota mavimbe. Gladys Deacon, mrembo wa Kimarekani, alidungwa nta puani ili awe na sura ya sanamu za Kigiriki. Nta ikateremka hadi kidevuni.

Mwaka huo huo wa 1899, mwezi wa Septemba, Halford Mackinder alifika kilele cha mlima wetu, Batian. Nchi aliyoipita kwenda juu ilikuwa na njaa kuu na ndui. Waagikuyu, ambao huyapa marika majina kutokana na mambo ya wakati wa kutahiriwa, wana rika liitwalo Mutung'u, yaani ndui, la miaka hiyo ya mwisho wa karne ya 19. Nyuso za walionusurika zilikuwa na mashimo kuliko uso wowote wa chunusi, na nimejiuliza mara nyingi walivyotazamwa. Aliyetoboka kwa ndui alikuwa ameupita ugonjwa. Hakuweza kuugua tena, na kwa hiyo ndiye aliyeweza kuwauguza wengine na kuwazika. Mashimo yake yalikuwa na kazi. Ugonjwa huo umekwisha duniani: mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, aliupata Somalia mwaka 1977, na tangazo kwamba Pembe ya Afrika ni salama lilitolewa Nairobi, Oktoba 1979. Kilichoumaliza ni sindano iliyoacha kovu. Hata leo Mkenya huvaa kovu la sindano kwenye kigasha cha mkono wa kushoto, la chanjo ya kifua kikuu, na sijawahi kukutana na mtu anayelificha. Kovu linalojibu swali halimwaibishi mtu. La chunusi halijibu lolote. Halisemi umepona nini wala umemwokoa nani, na ndiyo maana watu hulijazia maneno yao: hanawi, anajichubua, ana mambo.

Sindano ya damu yako mwenyewe ndiyo inayopendwa sana na mabango, labda kwa sababu inasikika kama kiapo. Damu inatolewa mkononi, inazungushwa kwenye mashine hadi itengane, na ile sehemu ya manjano yenye chembe sahani inarudishwa usoni kwa sindano ili ichochee uponaji. Ikiunganishwa na vijisindano inaweza kusaidia kiasi. Ila usafi wake hauna mzaha. Katika jimbo la New Mexico, Marekani, wateja wa saluni moja iliyokuwa ikitoa huduma hiyo bila leseni waliambukizwa virusi vya ukimwi. Saluni ilifungwa mwaka 2018 na uchunguzi ukachapishwa mwaka 2024. Hayo yalitokea kwenye nchi tajiri. Nikiona bango la damu juu ya duka la mitumba, mlangoni pakiwa na pazia badala ya kitasa, napanda matatu.

Na bado nasema zinafanya kazi, na sioni aibu kwamba nilidungwa. Kanisani kwetu kuna wanaoamini kuwa kuurekebisha uso ni kumkosoa aliyeuumba. Watu hao hao huvaa miwani na meno ya bandia, na mmoja wao ana goti la chuma. Bima nyingi nazo huliita jambo hilo urembo, neno linalomaliza mjadala. Sikutaka urembo. Nilitaka kukaa kwenye kiti chochote cha matatu. Nilitaka kusikiliza mtu anayezungumza nami bila kufuatilia macho yake yanapoteremka kwenye taya. Hayo nimeyapata, si yote, kwa nusu ya uso uliolainika na nusu ambayo itabaki na vibonde vyake, kwa sababu vile vishimo vyembamba vya ndani haviinuliwi na sindano ya aina yoyote. Hutiwa asidi kali kwenye kitako cha kila kimoja au hukatwa na kushonwa, na daktari wangu aliniambia nipumzike kwanza. Anayekuahidi ngozi mpya anakuuzia kitu ambacho hana. Anayekuahidi nafuu, hata iwe kubwa, huenda anakuambia kweli.

Ninachokasirikia ni hesabu. Mtu mzima analipa maelfu ya shilingi kwa kila kikao, anapoteza siku ya kazi na nauli ya Nairobi, kupunguza sehemu ya jambo ambalo tyubu moja na kidonge vingelizuia akiwa kidato cha pili. Sisi tunaopanga foleni kwenye kliniki hizi, tukitazama simu zetu na kuepuka kutazamana, tumekuja kulipa madeni ya watu waliotucheka.

Likizo ya Aprili nilimchukua mpwa wangu, ambaye paji lake la uso lilikuwa limeanza kuvimba, tukaenda kwa ofisa tabibu wa ngozi. Dada yangu aliona ni kupoteza pesa. "Hata wewe ulikuwa nazo," aliniambia, kisha akaniangalia taya akanyamaza. Kijana aliandikiwa krimu ya kupaka usiku na vidonge vya wiki kadhaa, akaonywa kwamba krimu itamchoma mwanzoni na kwamba matokeo asiyatarajie kabla ya miezi 3.

"Tata, shule inafunguliwa wiki ijayo," alininong'oneza. "Matroni huchukua vitu vya kupaka. Anasema ni vya wasichana."

Ofisa tabibu alisikia. Alivuta karatasi yenye nembo ya kliniki akaanza kuandika, kisha akasimama na kumuuliza kijana shule yake inataka sababu gani.

"Andika tu chochote. Andika ni ugonjwa."

"Ni ugonjwa," alisema, akaandika hivyo, akagonga muhuri, akatuonyesha dirisha la kulipia.